Kuacha bangi: Arosto ina siku zake, familia ijiandae



Ndugu msomaji, lipo jambo linalotokea katika nyumba nyingi za Waislamu na halisemwi. Kijana amevuta bangi miaka mitatu au minne, kisha Mwenyezi Mungu (s.w.) akamjaalia nia ya kuacha. Siku ya kwanza anaonekana vizuri na mama anashukuru. Kufika siku ya nne kijana amebadilika. Anafoka kwa jambo dogo, sahani ya chakula anaisukuma, usiku halali, na akipata usingizi anaweweseka mpaka shuka linalowa jasho. Baba anasema huyu ana kiburi, atoke nyumbani kwangu. Shangazi anasema huyu ana jini, apelekwe kwa mganga. Kijana mwenyewe anaona alikuwa mzima zaidi alipokuwa akivuta. Siku ya tano anarudi maskani.

Wote hao wanamtakia heri. Walichokosa ni elimu ya jambo moja, kwamba mwili uliozoea bangi hupata arosto unapoikosa, na arosto hiyo ina siku za kuanza, siku za kupanda na siku za kushuka. Nyumba inayozijua siku hizo huweza kumvusha mtu wao, inshaallah.

Arosto ya bangi ipo

Wapo wanaosema bangi ni jani tu na kwamba arosto ni ya mateja wa heroini peke yao. Si kweli. Kemikali kuu inayolevya katika bangi huitwa THC, na ilitambuliwa kwa usahihi mwaka 1964 na wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Kemikali hii huingia katika vipokezi, yaani milango midogo iliyomo kwenye ubongo, inayohusika na usingizi, hamu ya chakula, hasira, wasiwasi na kumbukumbu. Mwili wenyewe una vitu vyake vya asili vya kufungua milango hiyo kwa kiasi.

Mtu anapovuta kila siku, ubongo huelemewa na hujilinda kwa kupunguza milango hiyo. Ndiyo maana msokoto mmoja uliomtosha mwaka wa kwanza haumtoshi mwaka wa tatu. Akiacha ghafla, THC inaondoka huku milango ikiwa bado michache, na hapo usingizi, chakula na hasira vyote huyumba kwa pamoja. Uchunguzi wa ubongo wa wavutaji wa kila siku umeonyesha kuwa milango hiyo huanza kurudi ndani ya siku 2 za kuacha, na baada ya wiki 4 hivi hukaribia kuwa sawa na ya mtu asiyevuta. Hii ni habari njema kwa kila anayetaka kuacha.

Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliingiza rasmi arosto ya bangi katika mwongozo wake wa kutambua maradhi. Kwa hiyo kijana anaposema anaumwa kwa kukosa bangi, tumuamini.

Kalenda ya arosto

Siku ya 1 hadi ya 3: Dalili huanza, kwa kawaida kati ya saa 24 na saa 72 tangu msokoto wa mwisho. Mtu hukosa utulivu, hukasirika upesi, na chakula hakimvutii.

Siku ya 3 hadi ya 7: Hiki ndicho kilele. Usingizi hukatika, kichwa huuma, tumbo husokota, jasho hutoka usiku, mikono inaweza kutetemeka, na moyo huingiwa na huzuni. Wengi wanaorudi maskani hurudi katika siku hizi.

Wiki ya 2: Hamu ya chakula huanza kurudi na hasira hupungua. Kwa wengi dalili kubwa huisha hapa au wiki moja baadaye.

Wiki ya 3 na kuendelea: Kinachobaki mara nyingi ni usingizi mbovu na ndoto kali, ambazo zinaweza kuendelea kwa mwezi na zaidi. Bangi hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto. Inapoachwa, ndoto hurudi kwa wingi na kwa nguvu. Familia isiharakishe kusema kuwa ndoto hizo ni majini.

Tunashauri kalenda hii iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe ukutani, kila siku inayopita ifutwe. Mwenye maumivu akijua yataisha lini huyavumilia vizuri zaidi.

Namna ya kumhudumia nyumbani

Kwanza ni usafi wa chumba. Harufu na vifaa humkumbusha mtu uraibu wake. Toeni vyote: karatasi za kusokotea, viberiti, mabaki na vichungi. Fueni nguo, mapazia na mashuka, anikeni godoro juani, pigeni deki na fungueni madirisha. Kwa kuwa atatokwa na jasho usiku, awe na shuka la kubadilisha na aoge kabla ya kulala.

Pili ni chakula. Asilazimishwe sahani iliyojaa. Apewe kidogo kidogo mara nyingi: uji, supu, ndizi, papai, mtindi, maji ya dafu. Maji anywe ya kutosha. Kahawa na chai ya rangi aviache kuanzia alasiri, na miraa asiiguse kabisa kwa sababu inafukuza usingizi uleule anaoutafuta.

Tatu ni usingizi. Aamke kwa sala ya Alfajiri kila siku hata kama alilala saa mbili tu, na mchana asilale muda mrefu. Jioni atembee au acheze mpira hadi achoke. Kabla ya kulala atie udhu na asome Ayatul Kursiy na nyiradi za kulala, kama ilivyo katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Vidonge vya usingizi visinunuliwe kiholela, kwani navyo vina uraibu wake, na kuna waliotoka kwenye bangi wakaingia huko.

Nne ni hamu ya kuvuta. Hamu huja kama wimbi, hupanda kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Inapomjia asikae peke yake. Anywe maji, atie udhu, abadilishe mahali, ampigie simu mtu mmoja waliyekubaliana naye tangu mwanzo. Namba za muuzaji na za wenzake wa kijiweni azifute. Kwa mwezi mmoja asishike fedha nyingi, na hili lifanywe kwa makubaliano yake mwenyewe ili asione anadhalilishwa.

Tano ni hasira. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kukasirika akiwa amesimama na akae, na ikiwa haijaondoka alale ubavu. Mafundisho haya yanamhusu baba pia. Mjadala mzito kuhusu ada ya shule iliyopotea au simu iliyouzwa uahirishwe mpaka wiki ya tatu. Kama kazi yake ni bodaboda au mashine, apumzike siku za kilele, kwani aliyekosa usingizi ni hatari barabarani.

Kumfunga kamba au kumfungia chumbani hakumtibu mtu arosto. Kisomo cha Qur'an ni kheri na ni ponyo, lakini kisizuie kwenda hospitali. Na aibu yake isitiriwe, isipelekwe kwenye baraza za majirani.

Jambo jingine ni kipimo cha mkojo. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na hutoka polepole. Aliyekuwa akivuta kila siku anaweza kuonekana nayo kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, hata mwezi, bila kuvuta tena. Mzazi anayempima mwanawe siku ya 15 na kumwita mwongo anaweza kumrudisha maskani kwa dhulma.

Tusingoje Ramadhani

Vijana wengi husema wataacha Ramadhani. Huzuia mchana, kisha baada ya futari huvuta. Saa 13 au 14 za mchana hazitoshi hata kuanzisha arosto, kwa hiyo mwezi mzima hupita na mwili haujaacha chochote. Idi inapofika wanarudi palepale na kukata tamaa.

Wengine huacha kweli siku ya mosi Ramadhani, na kilele cha arosto kikawakuta katika siku za mwanzo za funga, daku haliliki na usingizi hakuna. Haramu haina siku ya kusubiriwa, na aliyetia nia leo aache leo. Akifanya hivyo Shaabani au kabla yake, atauingia mwezi mtukufu akiwa amekwishavuka pabaya, na Tarawehe na jamaa za msikitini zitamsaidia kubaki huko.

Kuhusu kuacha kwa mara moja, wataalamu wanaeleza kuwa arosto ya bangi peke yake kwa kawaida haihatarishi maisha. Ni tofauti na mlevi wa pombe wa kila siku au mtumiaji wa vidonge vya usingizi, ambao wakiacha ghafla wanaweza kupata degedege na wanahitaji daktari tangu siku ya kwanza.

Wakati wa kwenda hospitali

Mpelekeni bila kuchelewa mkiona haya: anazungumza habari ya kujiua au kutamani kufa, anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, anaamini watu wote wanataka kumdhuru, anatapika mfululizo, hanywi hata maji, au ameanguka degedege. Kwa baadhi ya watu bangi huamsha maradhi ya akili, hasa kama katika ukoo yamewahi kuwepo. Hayo yana tiba, na yakiwahiwa hutulia.

Aidha, muulizeni kwa upole alikuwa akivuta nini hasa. Hapa pwani bangi nyingine huchanganywa na heroini, ile inayoitwa kokteli. Dalili zikiwa ni kupiga miayo, kutoka makamasi na machozi, kuharisha, kutapika na mifupa kuuma sana, huenda ni arosto ya heroini, na tiba yake ni nyingine. Tanzania ilianza kutoa methadone katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na sasa huduma hiyo inapatikana katika mikoa mbalimbali. Methadone si dawa ya bangi. Kwa bangi bado hakuna kidonge maalumu kilichothibitishwa, na tiba yenye msaada mkubwa zaidi ni ushauri nasaha wa mara kwa mara, ambao hospitali zenye kliniki ya afya ya akili hutoa.

Dini inamfungulia mlango

Ndugu msomaji, wapo wanaojitetea kuwa bangi haikutajwa kwa jina katika Qur'an. Wanazuoni walikwishalijibu hilo zamani. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliikataza hashishi waziwazi, nayo hutokana na mmea huuhuu. Msingi ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuwa kila chenye kulevya ni haramu.

Lakini ipo kauli nyingine inayowadhuru vijana, kwamba aliyelewa hana haja ya kusali siku 40 kwa kuwa sala yake haikubaliwi. Wanazuoni wamefafanua kuwa hadithi hiyo inahusu kukosa thawabu, na wajibu wa sala haumuondokei mtu akiwa na fahamu zake. Hadithi yenyewe inaeleza kuwa mwenye kutubu Allah humpokea toba yake. Tazama hasara yake: siku 40 ambazo kijana anauhitaji msikiti kuliko siku zote, ndizo anazoambiwa akae mbali nao.

Toba ina masharti yanayojulikana: kuliacha jambo, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Akiteleza siku ya 9, asiseme yote yameharibika. Atubu tena, aanze tena siku hiyohiyo, na familia itafute chanzo cha kuteleza: alipita wapi, alikuwa na nani, alikuwa na fedha za nani. Wengi walioacha moja kwa moja walijaribu zaidi ya mara moja.

Maimamu na walimu wa madrasa nao wana sehemu yao. Kijana anayerudi msikitini na macho mekundu na mikono inayotetemeka apishwe nafasi katika safu, asinong'onwe. Na wewe uliye mzazi, kabla mwanao hajaianza siku ya kwanza, keti na mama yake, kaka zake na dada zake, muwaeleze kalenda hii. Siku ya nne itakapofika na sahani ikasukumwa, kila mmoja ndani ya nyumba ajue ni siku ya ngapi, na zimebaki ngapi.

Wabillahi tawfiq.