Dhamana ya Kinanda na Bisibisi ya Mwenyewe

Mtu anunuapo kinanda cha umeme hupewa karatasi ya dhamana, na upande wa chini wa kinanda, juu ya skrubu moja, huenda akakuta kibandiko kidogo kionyacho kwamba atakayekibandua amepoteza haki yake. Na wengi hulisadiki onyo hilo kama hukumu ya kadhi, wakakiacha chombo chenye maradhi ya vumbi tu kikae bubu pembeni.

Maradhi yenyewe aghalabu si makubwa. Chini ya kila kibonyezo mna mpira wenye vidonge viwili vya kaboni vigusavyo bodi ya saketi kwa kufuatana, na chombo hupima muda ulio baina ya miguso hiyo miwili kikatambua nguvu ya kidole cha mpigaji. Vumbi likitanda hapo, mguso wa kwanza ukachelewa, muda huonekana mfupi kuliko ulivyo, na sauti hutoka kwa kishindo hata mpigaji akigusa kwa upole. Mguso ukikosekana kabisa, kibonyezo hunyamaza. Dawa yake ni kufungua, kupangusa taratibu kwa pamba na spiriti, kuacha pakauke, na kufunga.

Je, kazi hiyo hubatilisha dhamana? Nchini Marekani, ambako jambo hili limewekewa sharia iliyo bayana, kufungua peke yake hakubatilishi. Sharia ya Magnuson-Moss, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi wa Januari 1975, inamkataza mtoa dhamana kumshurutisha mnunuzi atumie vipuri au fundi wa jina fulani tu, isipokuwa avitoe yeye mwenyewe bila malipo, au awe amepata idhini ya Tume ya Biashara ya Shirikisho. Kwa msingi huo Tume ilizipelekea kampuni sita barua za onyo mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaonya nyingine, zikiwamo zilizokuwa zikitumia vibandiko vya namna hii.

Walakini insafu ina pande mbili. Mtengenezaji halazimiki kugharimia uharibifu uliotokana na mkono wa mwenye kinanda: waya bapa uliong'olewa kwa pupa, au skrubu ndefu iliyokazwa mahali pa fupi ikapasua plastiki. Linaloamua ni sababu ya hitilafu. Spika ikifa baada ya wewe kupangusa vibonyezo, haitoshi kiwanda kuonyesha kibandiko kilichochanika, shurti kionyeshe kwamba kupangusa kwako ndiko kulikoiua.

Hata hivyo, maadamu dhamana ingali hai na wakala yu karibu, mimi namsihi mwenye kinanda aende kwake na stakabadhi yake, kwa kuwa kushinda hoja ni jambo moja na kupata chombo kinacholia ni jambo jingine, na hoja za namna hii huchosha.

Hali ni nyingine kwa kinanda kilichonunuliwa Dubai au Marekani kikaletwa Unguja au Mombasa, kwani dhamana nyingi za vyombo hivi zina mpaka wa nchi vilikouzwa, na sharia ya Marekani haivuki bahari pamoja na mzigo. Mwenye kinanda asome kwanza karatasi yake. Akikuta mpaka huo, kibandiko hakimlindii kitu hapa, na wala hana haja ya kukiogopa. Achomoe umeme, atoe betri, apige picha kila hatua, atenge skrubu kwa urefu wake, na nyaya bapa azifungue kwa kulegeza kifungo chake, asizivute.