Petroli nyumbani: Mvuke wake ndio hatari kuu

KWA wakazi wengi wa kaunti za Homa Bay na Migori, petroli ni bidhaa ya kila siku. Wavuvi wa Mbita, Sindo na Muhuru Bay huihitaji kwa injini za mashua, wachimbaji dhahabu wa Nyatike kwa pampu za kuvutia maji, nao wahudumu wa bodaboda kwa pikipiki zao.

Kwa kuwa baadhi ya fuo na visiwa viko mbali na vituo vya mafuta, wengi hununua petroli kwa mitungi na kuihifadhi nyumbani. Usiku, kwa kuhofia wezi, mtungi huingizwa ndani na kusukumwa chini ya kitanda au kando ya meko. Hapo ndipo hatari huanzia.

Wapo wanaodhani kwamba petroli haiwezi kuwaka mradi tu isiguswe na moto. Ukweli ni kwamba kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, sembuse katika joto la kanda ya ziwa. Mafuta ya taa, kinyume na hayo, hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka hadi yafikie joto la nyuzi 38 hivi au zaidi.

Isitoshe, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupai juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni, hupenya chini ya mlango na kujikusanya pembeni. Ukifikia koroboi au jiko la makaa lililo chumba cha pili, moto hurudi kwa kasi hadi kwenye mtungi.

Wakenya wanayajua madhara yake. Mnamo Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia Sachangwan, karibu na Molo, lori la petroli lililoanguka lilipolipuka wakati wenyeji wakichota mafuta.

Njia salama zaidi ni kutoweka petroli nyumbani kabisa. Asiye na budi anapaswa kununua kiasi kidogo anachohitaji, na kukiweka katika banda lenye kufuli na matundu ya hewa, mbali na nyumba ya kulala, jikoni, jua na watoto.

Mtungi uwe uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya petroli, wenye kifuniko kinachokaza. Chupa za maji na soda hazifai, kwani mtoto anaweza kunywa akidhani ni kinywaji. Mtungi usijazwe pomoni, kwa sababu petroli hufutuka inapopata joto.

Wakati wa kuijaza kituoni, mtungi uwekwe chini, si juu ya pikipiki wala ndani ya gari, ili kuepuka cheche za umeme tuli. Injini au jenereta nayo izimwe na kuachwa ipoe kabla ya kutiwa mafuta, na kazi hiyo ifanywe mchana.

Kamwe mtungi wa petroli usitumiwe kwa mafuta ya taa. Kiasi kidogo tu cha petroli kikiingia katika koroboi au stovu, taa hiyo yaweza kulipuka mikononi mwa anayeiwasha.

Moto ukizuka, usimwagie maji, kwani petroli huelea juu yake na kuusambaza. Moto mdogo huzimwa kwa mchanga au kizimamoto cha unga. Ukiwa mkubwa, watu watoke mara moja, wala asirudi mtu kuokoa mali.

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala unga, kisha apelekwe hospitalini. Aliyemeza petroli asitapishwe, kwa maana ikiingia mapafuni humdhuru zaidi.

Mtungi unaweza kuibwa na kununuliwa mwingine. Familia iliyolala kando yake haina mbadala.