Mfano wa Garimoshi na Uaminifu wa Kipimo

Reli iliyofika Nanyuki mwaka 1930, ikipitia Karatina na Kiganjo, ina upana wa mita moja. Fundi wa Nyeri anayeunda mfano wa garimoshi la mvuke hana budi kuanzia hapo. Akitumia reli ndogo ya milimita 45, uwiano unaofaa ni 1:22.5, taa au bomba la moshi la uwiano mwingine huuharibu mfano mzima. Ili apate vipimo halisi, itambidi ashuke Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli, ilikohifadhiwa injini namba 5918, Mount Gelai. Nyingi za aina yake zilikatwakatwa zikawa vyuma chakavu. Kwa hivyo, kipuri kisicho sahihi ni ushahidi wa uongo kwa kizazi kisichowahi kuliona garimoshi lenyewe.