Redio ya Mtandaoni Isimfungie Mlango Asiyeona

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Migori, kifaa kilichomtendea haki asiyeona kuliko vyote kilikuwa redio ya betri. Upande mmoja palikuwa na kitufe cha kuzungusha, cha kuwashia na kuongezea sauti. Upande wa pili kingine cha kutafutia stesheni. Mkono ukishazoea, macho hayakuwa na kazi. Mzee asiyeona aliweza kuiacha idhaa ya taifa, akaitafuta ile ya Kisumu na kuipata kabla mwanawe mwenye macho mawili hajafika mezani. Hakuongozwa na mtu wala hakuhurumiwa.

Leo redio imehamia mtandaoni. Ramogi FM na wenzake wa lugha ya Dholuo husikika London na Doha kupitia tarakilishi, na mwana wa Muhuru Bay aliyeko ughaibuni anaweza kusikiliza matangazo ya vifo vya kwao saa ile ile wanayoyasikia jamaa zake ufuoni. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini, ndugu msomaji, ni nani aliyeichonga milango ya nyumba hii mpya? Ni wenye macho, nao wameichonga kwa ajili ya macho. Mwaka 2016 ilizinduliwa huko Uholanzi Radio Garden, tovuti inayoonyesha tufe la dunia lililojaa vitone vya kijani. Unalizungusha tufe, unagusa kitone, na mji huo unaanza kusema nawe. Ni ubunifu wa kupendeza mno. Hata hivyo, tufe la kutazama litamwambia nini asiyelitazama? Kilichobaki kumfaa ni kile kisanduku cha kuandikia jina la stesheni.

Pengine wako wasiojua jinsi asiyeona anavyotumia tarakilishi. Hutumia programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka kwa sauti kila anachokifikia kwa kibodi. Iliyoenea ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akajiunga naye James Teh, wote wawili wakiwa hawaoni. Hutolewa bure, na sauti ya eSpeak NG inayokuja nayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Lakini programu ya kusoma haina miujiza. Husoma kilichoandikwa. Ikiwa fundi amechora kipembe cha "cheza" bila kukipa jina, msikilizaji ataambiwa tu "kitufe". Akisonga mbele: "kitufe". Akisonga tena: "kitufe". Hebu fikiria kuingia katika ofisi yenye milango ishirini isiyo na vibao.

Kijana mmoja wa Rongo, mwanafunzi asiyeona ambaye kwa sasa anasomea mbali na nyumbani, ambako mawimbi ya stesheni zetu hayafiki, alinionyesha adha hiyo. Alifungua programu ya stesheni moja ya huku kwetu, ambayo sitaitaja. Muziki ulianza wenyewe kwa kishindo na kuifunika sauti iliyomsomea, akawa hasikii tena yuko wapi. Alitafuta pa kuunyamazisha asipaone. Mwishowe aliuzima mtambo mzima, kazi aliyokuwa akiiandika ikapotea. Tusisahau pia kwamba vifurushi vya data havitolewi sadaka: stesheni inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde humeza takriban megabaiti 29 kila saa, na ile ya kilobiti 128 humeza mara mbili ya hizo. Anayeshindwa kuifunga redio anachomwa mfukoni huku akisumbuliwa masikioni.

La kuudhi zaidi ni kwamba dawa ya maradhi haya ilikwisha kujulikana. Programu ya Winamp, iliyotoka mwaka 1997, iliendeshwa kwa herufi tano zilizofuatana katika safu ya chini ya kibodi: Z kurudi nyuma, X kucheza, C kusitisha kwa muda, V kukomesha, B kwenda mbele. Vidole vitano, kazi tano. Ilikuwa ni ile redio ya betri imezaliwa upya ndani ya tarakilishi. Programu ya redio inayomfaa asiyeona haihitaji zaidi ya hayo kwa mbali: orodha ya stesheni inayopitiwa kwa mishale ya kibodi, kila kitufe kiwe na jina, sauti isianze kabla ya kuamriwa, na pawepo herufi moja ya kuinyamazisha papo hapo. NVDA yenyewe ina mpangilio wa kupunguza sauti nyingine zote inapozungumza, kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha kufanywa na watu wa mbali.

Naomba nieleweke vyema. Simpingi anayesema simu zipo na zina programu zao za kusoma. Zipo, na zimewafaa wengi. Ila anayeandika tasnifu au anayefanya kazi ya ofisi anashinda mbele ya tarakilishi mchana kutwa, na mwenzake mwenye macho aliyeketi karibu naye husikiliza taarifa ya saa saba bila kuinuka. Kwa nini yeye aazime simu?

Isitoshe, sisi wa Nyanza Kusini si wageni wa upofu. Bonde la Kodera, karibu na Oyugis, liliwahi kuteswa na upofu wa mtoni, unaoenezwa na nzi weusi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi. Mwaka 1946 mto ulitiwa dawa ya DDT, na nzi hao wakatokomezwa bondeni humo. Upofu wa namna nyingine ungalipo: wa mtoto wa jicho, wa presha ya macho, wa kisukari. Hao nao ni wasikilizaji, na aghalabu ndio wasikilizaji waaminifu kuliko sote.

Sheria nayo haikukaa kimya. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Mwaka 2022 Kenya ilijiwekea kiwango cha ubora, KS 2952, kinachohusu namna mitambo na huduma za mawasiliano zinavyopaswa kumfikia kila mtu. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahali pa ile ya 2003. Karatasi tunazo za kutosha.

Kwa hiyo ombi langu naliwasilisha kwa wenye stesheni, si kwa serikali. Kabla ya kuitoa programu yenu, fundi na aiweke kando kipanya, afumbe macho, na ajaribu kuifungua na kuifunga kwa kibodi peke yake. Akishindwa, na airudishe mezani. Na hata kama fedha za kuitengeneza upya hazipo mwaka huu, iandikeni anwani ya matangazo yenu kwa herufi za kawaida katika tovuti, ili asiyeona aipachike katika programu aliyoizoea. Anwani hiyo haizidi mstari mmoja.