Msumeno wa zamani haujapona mpaka kinga yake irudi

Wengi wakiuona msumeno wa meza uliolala nyuma ya karakana, umefunikwa na mabati na vumbi, huuhesabu kuwa chuma chakavu. Mnunuzi wa vyuma huupima kwa kilo, basi. Fundi anayejua hupitisha kiganja juu ya meza yake, akakagua kama shafti inachezacheza, akatafuta ufa. Meza isipokuwa na ufa na shafti isipokuwa imepinda, ana mashine mkononi. Kutu inayotisha macho huwa ya juujuu tu.

Mkoa wa Kigoma hauhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hilo. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa maadui, lakini kabla ya hapo wahandisi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Ikiwa chuma kilichokaa miaka kadhaa chini ya Ziwa Tanganyika kiliweza kurejea, msumeno ulionyeshewa misimu michache Kasulu au Kibondo nao unastahili kupewa nafasi.

Katika nyanda hizi mashine ya aina hiyo ina maana ya pekee. Kwa miaka mingi Mtabila, wilayani Kasulu, ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mtu anayeishi akijua kwamba huenda kesho akahama hununua zana za kubebeka: msumeno wa mkono, randa, patasi, nyundo. Meza ya chuma yenye uzito wa watu wawili haifungwi kwenye mzigo wa safari. Anayeikarabati na kuisimika nyumbani kwake amekwishaamua kwamba atakaa, kwamba vitanda vya majirani na milango ya shule ya kijiji vitatoka hapo.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua. Piga picha kila hatua, kisha weka nati na boliti kwenye makopo tofauti. Kutu ya meza huondolewa kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na msasa uliozungushiwa kipande cha ubao bapa, ili mkono usichimbe mabonde. Grinda ni ya haraka, lakini sekunde chache tu za kuteleza huharibu unyoofu ambao kiwanda kiliutengeneza kwa uangalifu mkubwa, na unyoofu huo ndio thamani yote ya mashine. Meza ikishang'aa, ifutwe ikauke kabisa, kisha isuguliwe kwa nta ya nyuki. Hapo Kibondo na Kasulu zimebarikiwa, kwa kuwa ufugaji wa nyuki ni kazi ya siku nyingi. Nta huzuia unyevu wa masika na huufanya ubao uteleze bila kusukumwa kwa nguvu. Anayesukuma kwa nguvu mbele ya diski inayozunguka anaialika ajali.

Beringi zisikutie hofu. Ubavuni mwa nyingi kuna namba, na namba hiyo inatosha dukani. Beringi ya 6204, kwa mfano, ina tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha milimita 47, iwe imetoka kwenye msumeno, pampu ya maji au mota. Mara nyingi muuza vipuri vya pikipiki anazo au anajua pa kuziagiza.

Panapotaka akili zaidi ni kwenye puli. Kwa miaka mingi miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo iliwashiwa umeme kwa majenereta ya dizeli, na vijijini misumeno na mashine za kusaga zilivutwa na injini zake zenyewe. Gridi ya taifa iliingia mkoani mwaka 2022. Tangu hapo hamu ya kila mwenye karakana ni kung'oa injini na kufunga mota. Ni hamu njema, lakini ina mtego. Injini ya zamani ya Lister ya silinda moja huzunguka takriban mara 650 kwa dakika. Puli yake ikiwa kubwa mara tano kuliko ya shafti, diski itazunguka mara 3,250. Sasa weka mota ya mizunguko 1,450 ukiacha puli zilezile: diski itakimbia mara 7,250 kwa dakika. Kwa diski ya milimita 400, ukingo wake utakuwa ukienda zaidi ya mita 150 kwa sekunde. Diski ya namna hiyo haikuundwa kwa mwendo huo, na meno yanaweza kuchomoka kama risasi. Kwa hiyo soma mwendo wa juu ulioandikwa kwenye diski, soma kibao cha mota, piga hesabu, kisha ndipo ununue puli. Umeme nao ufungwe na fundi mwenye leseni, waya wa ardhi usiachwe.

Baada ya hapo ni kunyoosha. Weka alama kwenye jino moja la diski, lipime umbali wake hadi kwenye mfereji wa meza likiwa mbele, kisha lizungushe hadi nyuma na upime tena. Tofauti isizidi unene wa karatasi. Upau wa kuongozea mbao nao uwe sambamba na diski. Ukibana upande wa nyuma, ubao utakamatwa na meno yanayopanda na kurushwa kuelekea tumboni mwa fundi.

Hapa ndipo ukarabati mwingi unapokatishwa. Mashine inanguruma, ubao wa kwanza unapasuka sawia, watu wanapiga makofi, na fundi anatangaza kwamba imepona. Lakini vipande viwili havijarudi. Cha kwanza ni kisu cha nyuma, bamba la chuma linalosimama nyuma ya diski na kuuzuia mpasuko wa ubao usijifunge. Cha pili ni kifuniko kinachoyakinga meno. Kwenye misumeno ya zamani vipande hivi ndivyo hupotea mwanzo, kwa kuwa mashine huzunguka hata visipokuwepo. Mchomeleaji yeyote wa Kasulu anaweza kuvitengeneza. Kisu kiwe chembamba kuliko njia inayochimbwa na meno, kinene kidogo kuliko bamba la diski, na kikae si zaidi ya milimita 8 kutoka kwenye meno. Ongeza kijiti cha kusukumia mbao, ili kidole kisikaribie.

Si hofu ya bure. Nchini Marekani, ambako mashine hizi ziko majumbani kwa wingi na hospitali huweka kumbukumbu, watu takriban 30,000 hutibiwa kila mwaka kwa majeraha ya msumeno wa meza. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai mashine hatari zikingwe. Vumbi nalo lina madhara yake: mwaka 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Barakoa na dirisha lililo wazi ni sehemu ya karakana.

Msumeno ulionyooka hulinda misitu pia. Msumeno wa mnyororo unapopasua mbao hugeuza milimita 8 hadi 10 kuwa unga kila unapopita, ilhali diski nzuri hula kama milimita 3. Katika mipasuo kumi, tofauti hiyo ni karibu mbao mbili za inchi moja, au zaidi. Miti ya mninga na mkurungu si ya kuchezea namna hiyo: Novemba 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliiweka jamii yao yote ya Afrika chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa.

Basi anayekabidhi msumeno wa zamani kwa fundi apange malipo yake vizuri. Sehemu ya mwisho ya fedha ibaki mfukoni hata mashine ikiwa inazunguka na kukata vizuri, mpaka kisu cha nyuma na kifuniko viwe vimefungwa. Na anayejikarabatia mwenyewe aanze bajeti yake na vipande hivyo viwili, kabla ya rangi, kabla ya mota mpya. Vidole kumi vya fundi ndivyo vitakavyoitumia mashine hiyo miaka ishirini ijayo.