Ukipiga 115, jiandae kuulizwa

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kijijini, saa hizo huisha familia ikizunguka kutafuta gari. Ndiyo sababu ipo 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Ni kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Wengi hudhani anayepokea simu kazi yake ni kuandika jina na kutuma gari. Kazi yenyewe ni kuuliza. Hamwoni mgonjwa, hawezi kumpima, na anayeongea naye mara nyingi ni mume aliyechanganyikiwa huku mtandao ukikatika. "Anaumwa sana" haimsaidii. Damu imeanza saa ngapi? Imelowesha khanga ngapi? Amepata degedege? Anaongea? Kwa majibu hayo anaamua kama kituo cha afya kinatosha au mgonjwa aende moja kwa moja hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongeza. Akikosea hapo, hata gari liwahi vipi, mama atafikishwa mahali pasipoweza kumsaidia.

Kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa na anayeishi karibu, ambaye hulipwa na mfumo kwa simu. Familia haidaiwi nauli. Hospitali nayo inapewa taarifa ijiandae. Yote hayo kwa sauti ya utulivu, akirudia swali lile lile mara ya tatu bila kufoka. Si kila mtu anaiweza kazi hiyo.

Wapigaji tunakwama zaidi kwenye kuelekeza. "Hapa kwa mzee Juma, kwenye mwembe" haimfikishi dereva usiku. Taja kata, kijiji, kitongoji, halafu kitu ambacho hata mgeni atakiona: shule, msikiti, mnara wa simu. Usikate simu kwa hasira kwamba maswali ni mengi, na usiizime baadaye, kwa kuwa dereva ataitafuta namba hiyo hiyo. Mtu mmoja asimame barabarani na tochi.

Andika 115 juu ya kadi ya kliniki leo. Mwonyeshe na jirani unayemwachia watoto. Huenda usiku huo atakayepiga ni yeye.