Breki za Pikipiki: Mambo ya Kukagua kabla ya Kupakia Abiria

Dodoma – Wakazi wa Hombolo, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, hutegemea pikipiki kwa shughuli nyingi: kuwafikisha wanafunzi katika Chuo cha Serikali za Mitaa, kubeba zabibu kutoka mashambani na kuwakimbiza wagonjwa kwenye matibabu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwenye chombo kuhakikisha kuwa hakina ubovu unaohatarisha watu, na ubovu unaoua haraka zaidi ni wa breki.

Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita takribani mita 17 katika sekunde moja. Hivyo, dereva anayechelewa sekunde moja kushtuka huwa amekwishapita mita hizo kabla hata hajagusa breki. Breki zikiwa zimelegea, umbali wa kusimama huongezeka, na mzigo mzito huuongeza zaidi.

Pikipiki nyingi za biashara zina breki za viatu, yaani vipande viwili vilivyobandikwa utando wa kusugulia, ambavyo hutanuka ndani ya habu ya gurudumu. Dalili ya kwanza ya kuchakaa ni kanyagio kushuka chini zaidi kuliko ilivyozoeleka. Kwa pikipiki nyingi, kanyagio la nyuma hutakiwa kushuka sentimita 2 hadi 3 kabla ya breki kuanza kushika; kipimo kamili kimo katika kitabu cha pikipiki husika. Baadhi ya pikipiki zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki, pembeni ya habu. Breki ikikanyagwa na mshale ukavuka alama, viatu vimekwisha, na kukaza nati ya kurekebishia hakutavifufua.

Kosa moja hujirudia mno. Mnyororo unapokazwa, gurudumu la nyuma husogezwa nyuma, na breki nayo hujikaza bila dereva kutambua. Viatu husugua muda wote, habu hupata moto, mafuta ya petroli huisha haraka na utando huungua. Kila mnyororo unapokazwa, inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, kisha urekebishe breki upya. Wakati huohuo ikaguliwe fito inayozuia bamba la breki lisizunguke pamoja na gurudumu. Nati yake ikidondoka, bamba huzunguka na gurudumu linaweza kujifunga ghafla, abiria akiwa mgongoni.

Vumbi la mchanga lisipuuzwe. Huingia ndani ya habu, hukwaruza na kutoa mlio. Habu ifunguliwe na kufutwa kwa kitambaa chenye maji; vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa kuwa viatu vya aina fulani huwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Viatu vilivyolowa grisi vibadilishwe. Kuviosha kwa petroli, jambo linalofanyika katika vijiwe vingi, huondoa mng'ao wa juu tu, ilhali mafuta yaliyokwisha kupenya hubaki.

Kwa pikipiki yenye breki ya diski, mkono wa breki unaobonyea kama sifongo huashiria hewa ndani ya mrija. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya injini yasitumike kamwe mahali hapo, kwani huharibu mipira ya ndani.

Wapo madereva wanaoilegeza breki ya mbele kwa makusudi wakiamini kuwa itawarusha. Imani hiyo ina ukweli kidogo kwenye mchanga, ambako breki hiyo hushikwa taratibu pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye lami, hata hivyo, uzito huhamia mbele wakati wa kusimama, na breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Baada ya matengenezo yoyote, pikipiki ijaribiwe kwa mwendo mdogo, bila abiria, mahali palipo wazi, na taa ya nyuma ithibitishwe kuwaka breki inapokanyagwa.